Friza la Shangazi Zena

Binamu yangu Rukia si mtu wa kupiga simu ovyo, na akipiga hana salamu ndefu. Mwezi uliopita nilikuwa Mombasa kwa likizo fupi, nimeshahojiwa redioni, nimeshahutubia wanafunzi wa chuo, nimeshapigiwa makofi na kupewa shada la maua lisilonukia, ndipo akanipigia asubuhi moja akasema, "Friza la mama limekufa. Fundi wa hapa mtaani yuwasema tuliuze kwa chuma chakavu. Njoo ulitazame wewe uliyesomea." Nikamwambia mimi na mafriza tuliachana zamani, siku hizi kazi yangu ni chembe za nano za kutibu saratani, vitu ambavyo havionekani kwa macho. "Kazi yako naijua," akasema. "Nimekusikia redioni. Njoo na bisibisi." Akakata simu.

Redioni nilikuwa nimesimulia kama ninavyosimulia kila mahali. Kwamba nilianza kama fundi wa makontena ya baridi kule bandarini Kipevu. Kwamba shangazi yangu Zena, mama yake Rukia, alishikwa na saratani ya titi akafa kabla mwaka haujaisha, na uchungu ule ukanisukuma kusoma mpaka nikafika kwenye maabara ninayoiongoza leo. Huko tunatengeneza vitembe vya mafuta vidogo mno, vinavyobeba alama za uvimbe na kuzipeleka kwa askari wa kinga mwilini, ili askari hao waache kumpita adui kama hawamjui. Mtangazaji akasema, "Mashallah, kisa cha kutia moyo hiki." Cha kutia moyo! Nikamchekea. Nimewachekea wengi kama yeye, kwenye kumbi nyingi, na kila nikishuka jukwaani natamani kumpiga mtu kofi, na mtu mwenyewe ni mimi. Kisa hicho nakiruka katikati. Nimekiruka mara nyingi hata ulimi umezoea, unafika pale unapinda wenyewe, unaendelea mbele.

Basi nilikwenda. Nyumba ni ile ile, Ziwa la Ng'ombe, uchochoro wa pili nyuma ya msikiti, ukuta umepakwa samawati mpya juu ya samawati kuukuu. Kila nikija nchini huingia nyumba hiyo, nikakaa sebuleni, nikanywa kahawa, nikatoa zawadi, nikaondoka. Jikoni siingii. Rukia hajapata kuniuliza kwa nini, nami nilidhani ni kwa sababu hajui. Safari hii hakunikaribisha sebuleni. Alinipitisha moja kwa moja mpaka jikoni, akanisukumia mbuzi ya kukunia nazi nikalie, akanionyesha friza kwa kidevu. Lilikuwa jeupe zamani, sasa lina rangi ya meno ya mzee, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikalivuta kutoka ukutani, nikapiga goti. Vumbi la miaka, mende wawili wakavu, na kile kifaa kidogo cha kuwashia kompresa kimeungua kabisa. Kisha nikaona kitufe cha kuongeza baridi kimekazwa mpaka mwisho, hakiendi tena. "Nani amekaza hivi?" nikauliza kwa ukali, maana ufundi haufi. "Ndiyo sababu kompresa zinakufa! Mmebadilisha ngapi?" Rukia akasema, "Mbili. Tengeneza kwanza, tutazungumza." Akamtuma jirani dukani Kisauni akanunue kifaa kipya, nasi tukabaki sisi wawili na friza lililofunguka mgongo. Hapo sikuwa na njia ya kuuruka mwaka ule alioumwa Shangazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni na stashahada ya majokofu, mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika kikosi cha makontena ya baridi. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka uwanjani na ubao wa kuandikia, kontena baada ya kontena, kufungua kijisanduku cha mbele na kusoma ile karatasi ya duara ambayo kalamu huichora mstari wa baridi usiku na mchana. Jua la Kipevu juu ya lami, na nyuma ya kila bati samaki wamelala kama mawe. Wenzangu walinitania, waliniita "Bibi Barafu", wakaniachia makontena ya safu ya juu ili nipande ngazi na sketi. Siku ya tatu nikaja na suruali ya kaka yangu, wakanyamaza. Fundi mkuu alikuwa Mzee Charo, mtu wa Rabai, mwembamba, hasemi sana, na alilosema hukulisahau. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha kati ya safu mbili akaniambia, "Binti, hapa kuna mizigo miwili tu. Kuna unaopumua na usiopumua. Matunda, mboga, maua, hayo yanapumua bado. Ukiyagandisha umeyaua, avokado itafika nyeusi kama lami. Samaki na nyama, hivyo vimeshakufa. Hivyo ukiwa na shaka navyo, teremsha joto mpaka vigande. Usifikiri, teremsha." Nikaandika ndani ya kifuniko cha daftari langu. Nilijiona nimepewa siri ya dunia.

Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Zena, na Shangazi Zena alikuwa muuza barafu. Si barafu ya vipande ya kuwekea samaki. Zake zilikuwa zile za watoto, za vifuko virefu, za ukwaju, za rozi, za embe na za tui la nazi. Mtaa mzima ulimjua. Jikoni mwake kulinuka ukwaju ulioloweka, na kwenye kamba ya dirisha alianika faneli ya kumiminia na vitambaa vya kuchujia. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi kwenye sinia moja, mimi, yeye na Rukia, magoti yetu yakigusana, kisha yeye hukaa juu ya mbuzi na kufunga vifuko, fundo moja kwa kila kifuko, vidole vinakwenda huku mdomo ukisema. Alinisema mimi hasa. "Injinia!" angeniita. "Abee, shangazi." "Huko bandarini mwagandisha meli nzima, hapa waniachia barafu zangu zayeyuka. Elimu gani hiyo?" Na nikimrekebishia kifuniko cha friza, mpira wake ukashika vizuri, angewaita majirani waje kuona. "Njooni muone! Mtoto wangu yuwajua baridi kuliko aliyeiumba, astaghfirullah." Mimi nikivimba kichwa. Nasema wazi: nilivimba kichwa.

Habari ya uvimbe aliniambia mimi kwanza. Alikuwa anafunga barafu, hakuinua uso. "Injinia, hapa ubavuni mwa titi pana kitu. Kama kokwa ya ukwaju, lakini hakiondoki." Nikamwambia twende hospitali, akasema baada ya Ramadhani, nikamwambia kesho. Kwa hilo sijilaumu. Tulikwenda hospitali moja ambayo sitaitaja, tukakaa kwenye benchi tangu alfajiri, na siku ya pili wakamkata kipande kidogo kwa ajili ya kipimo. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri imekaribia. Kitaratibu, kipande kama kile hutiwa kwenye dawa ya kuhifadhi, formalini, na jamaa wa mgonjwa ndiye anayekibeba mwenyewe mpaka maabara. Ndivyo ilivyokuwa, na mahali pengine ndivyo ilivyo hadi leo: wanamkata mama yako, kipande wanakupa mkononi. Muuguzi akanipa kichupa kupitia dirishani, juu yake plasta yenye jina, Zena, limeandikwa kwa kalamu ya wino. "Formalini imekwisha," akasema. "Nimekitia kwenye maji ya chumvi. Maabara imeshafunga, peleka Jumatatu. Mpaka hapo kiweke baridi." Nikauliza, baridi kiasi gani? Nilimwuliza, wallahi, swali la kazi yangu. Akasema, "Baridi ni baridi, dada," akavuta dirisha.

Nimelifikiria lile dirisha miaka mingi kuliko ninavyofikiria jambo lolote jingine. Neno moja lilitosha. Kisigande. Mwanamke yule alikuwa nalo mdomoni, au pengine hakuwa nalo, na aliyepaswa kumfundisha hakumfundisha, na aliyepaswa kununua formalini hakununua, na kila mmoja wao Ijumaa ile alikula chakula chake cha mchana akalala usingizi. Nilikwenda nyumbani na kichupa ndani ya mkoba, nikajiuliza vile ambavyo Mzee Charo angeniuliza: mzigo huu unapumua au haupumui? Kimekatwa, nikasema, kimekufa, hiki hakipumui. Una shaka? Ninayo. Basi teremsha. Shangazi alikuwa chumbani amelala na bandeji. Nikafungua friza lake, nikasogeza barafu za rozi, nikakichimbia kichupa chini kabisa, nikafunga kifuniko nikaona nimefanya kazi safi. Mpishi angekiweka kwenye friji, penye siagi, kikapoa bila kuganda. Mshona nguo angekiweka kwenye mtungi wa maji. Wote wawili wangemwokoa. Ilihitajika fundi wa baridi mwenye cheti ili kipimo kile kiharibike.

Jumamosi niliporudi kutoka zamu, nilikuta beseni uani limejaa barafu zinazoyeyuka, za rangi zote, zinatiririka mpaka mferejini. "Kulikoni?" nikauliza. Shangazi akanijibu kutoka dirishani, "Ukwaju umechacha." Na za rozi je? "Nazo." Sikuuliza zaidi. Nilichofanya ni kuingia haraka jikoni kuhakikisha kichupa kipo. Kilikuwepo, peke yake ndani ya friza tupu, kigumu kama jiwe. Nikafurahi.

Jumatatu nikakipeleka maabara kwenye thamosi ya chai iliyojaa barafu. Aliyekipokea alikitikisa, akakunja uso, akaandika kitu. Baada ya wiki tatu tukaitwa, nikaenda peke yangu. Daktari alikuwa na karatasi mkononi na wauguzi wawili mezani. "Nani kakigandisha hiki?" Nikasema mimi. Akanieleza, na maelezo yake nakiri yalikuwa mazuri: maji ndani ya chembe za mwili yakiganda polepole huota miba ya barafu, na miba huzirarua chembe kutoka ndani, hata kwenye darubini huoni tena umbo, waona matambara. "Haisomeki," akasema. "Itabidi akatwe upya." Kisha akaniuliza, "Kwani wewe wafanya kazi gani?" Nikamwambia, fundi wa baridi bandarini. Akawatazama wauguzi. "Basi kazi yako umeifanya," akasema, na wote watatu wakacheka. Jibu lilichelewa kunijia. Leo ninalo. Leo ningempindulia ile meza, ningemwuliza formalini yako iko wapi, bwana mkubwa, na maelezo haya matamu mbona hukuyabandika pale dirishani kabla sijapewa kichupa? Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikashukuru, nikatoka.

Nilimwambia Ami Abudi, kakake Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia. Akawaita wanaume wawili watatu, wakakaa sebuleni, kahawa na halua katikati, nami nikaruhusiwa kukaa karibu na mlango kwa kuwa ndimi msomi. Jikoni, nyuma ya pazia, tulimsikia Shangazi anakoroga sukari sufuriani. Ami akasema kwa sauti ya chini, "Asiambiwe jina la ugonjwa ule wanaouhofia madaktari. Akilisikia atavunjika moyo. Na hili la kipimo, mwambieni kimepotea njiani. Huyu mtoto tusimharibie jina." Wote wakaitikia, ndivyo, ndivyo. Na mimi nikaitikia. Mtu anakoroga sukari hatua sita kutoka hapo, mwili ni wake, kipande kimetoka kwake, na sisi tumekaa tunagawana habari zake pamoja na halua! Nawapenda wazee wangu, Mungu awarehemu, lakini nikikumbuka ule uungwana wao damu inanichemka. Tuliuita huruma. Ulikuwa woga, umevalishwa kanzu.

Kumkata upya kukangoja. Daktari wa upasuaji akaenda likizo, akarudi, pakawa na mgomo, ukaisha, foleni ikawa ndefu. Kokwa ya ukwaju ikawa limau, na kwapani ikatokea nyingine. Jioni moja, nikiwa namsaidia kufunga vifuko, aliniuliza. Hakunitania, hakuniita Injinia. "Mwanangu, hebu niambie. Mimi naumwa nini?" Nikaangalia fundo nililokuwa nafunga. "Uvimbe tu, shangazi. Watautoa." "Na kile kipimo cha kwanza?" "Kilipotea njiani." Akalikaza fundo lake. Kisha akasema, "Haya. Njia ni ndefu," akachukua kifuko kingine.

Mwishowe alikatwa tena, na majibu yalipotoka kuwa ni saratani, wakamwanzishia dawa ya mishipani. Dawa zile zilikwenda kila mahali mwilini, zikapiga nywele, zikapiga tumbo, zikapiga kucha, na uvimbe zikaukwaruza tu. Mdomo ukamjaa vidonda. Kitu pekee alichoweza kuweka ulimini ni barafu, basi akawa mteja wake mwenyewe. Siku moja Rukia alitengeneza za rozi kwa sukari kidogo, maana sukari ilikuwa imepungua nyumbani, nikampelekea Shangazi kitandani. Akaitia mdomoni akaitema, ina damu. "Yakata hii! Mwambie Rukia asinionee. Barafu ikikosa sukari huota miba." Nikaganda pale pale na kile kifuko mkononi. Miba, neno la yule daktari. "Sukari yafanyaje, shangazi?" nikauliza. Akanitazama kama mwalimu aliyechoka. "Sukari yaikalia njiani isijipange. Kijiko kikizidi haigandi, kikipungua yakata. Nimefunga barafu maisha yangu yote, nawe huko chuoni walikufundisha nini?" Nikaenda jikoni nikapika nyingine kwa kipimo chake. Hiyo hakuitema. Aliinyonya yote, macho yamefumba, nami nimemshikia.

Alikufa wakati wa vuli. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri, mvua inanyesha, na wanawake ndani ya nyumba wakasema kwa sauti za chini kwamba amekufa kwa "maradhi ya kifua." Hata maiti ilifichwa ugonjwa wake! Mwaka uliofuata nikapata ufadhili nikaondoka. Yaliyobaki yako kwenye wasifu wangu, kila mtu aweza kuyasoma, ila jambo moja sijaliandika mahali. Nilipoingia kwenye mambo ya nano, kero kubwa maabarani ilikuwa kwamba vile vitembe vya mafuta ukivigandisha ili kuvihifadhi, vinapasuka. Miba ile ile. Wenzangu walikuwa wanajua habari ya sukari, imo vitabuni, sikuivumbua mimi. Lakini walikuwa wanabahatisha kiasi, na mimi mkono wangu ulikuwa umeshafundishwa kusikiliza kijiko. Nilikaa na vichupa vyangu mwezi baada ya mwezi, nikiongeza, nikipunguza, mpaka vitembe vikaganda, vikakaushwa, vikarudishiwa maji, vikaamka vizima na ujumbe wao tumboni. Leo dawa yetu ya majaribio yaweza kusafiri hadi mahali pasipo na friza la maana. Profesa wangu aliniuliza nilijuaje. Nikasema, nimesoma. Nikaruka tena.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, nimekalia mbuzi, pale kifaa kipya kilipofika. Nikakifunga, nikachomeka waya. Friza likakohoa, likatetemeka, likaanza kunguruma. Rukia hakushangilia. Aliegemea mlango, mikono kifuani.

"Redioni umesimulia vizuri," akasema. "Ila umeruka friza."

Nikageuka na bisibisi mkononi. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa hapa. Jumamosi ile mama aliamka kutoa barafu za watoto wa madrasa, akakikuta kichupa chini ya za rozi. Kina jina lake. Mimi nikasema, mama, tukitoe, hiki ni kipande cha mtu. Akasema, 'Kiache. Mwenye kujua baridi ni yeye. Akiwa amekitia humu, ndipo panapotakiwa.' Akazitoa barafu zake zote, akasema hawezi kuwalisha watoto wa watu barafu zilizolala na mwili wake." Rukia akanyoosha kidole kwenye pembe ya friza. "Umeuliza nani amekaza kile kitufe. Alipiga magoti hapo ulipo, na bandeji yake, akakizungusha mpaka mwisho. Akasema, 'Tumsaidie mtoto.'"

Rukia akaendelea, sasa kwa hasira. "Na mlipomwambia kimepotea, alicheka. Akaniambia, 'Abudi hajui kudanganya. Kimeharibika. Usimwambie kama najua, ataacha kazi.' Nimenyamaza mpaka leo kwa sababu ya neno lake. Sina kinyongo kwamba ulikigandisha, hukujua. Kinyongo changu ni kwamba mama yangu alikufa akikuficha wewe, na wewe wasimama mbele za watu, wamlilia, huku bado umejificha nyuma yake!"

Nilikasirika. Watu watatarajia niseme nililia, na kulia nililia, lakini hasira ndiyo iliyotangulia. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Kwa nini hukunipigia kelele, shangazi? Ulinipigia kelele kwa barafu iliyoyeyuka, kwa chumvi iliyozidi, kwa mlango nisiofunga, na siku hiyo moja ukanyamaza! Na elimu yangu nayo ikaja kunichoma pale pale sakafuni, maana najua sasa kwamba kitu kikiganda haraka miba yake huwa midogo, kikiganda polepole huwa mikubwa. Kati yetu sote, daktari, muuguzi, Ami na mimi mwenye cheti, aliyefanya jambo lenye akili juu ya kichupa kile ni muuza barafu aliyekaza kitufe. Ila ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwa nimeshakigandisha tangu Ijumaa.

Nikashika koleo ili nikirudishe kitufe katikati. Rukia akaniwahi mkono. "Usikiguse."

"Kitaua kompresa tena, Rukia."

"Nitanunua nyingine."

Nikaweka koleo chini. Tukakaa pale jikoni tukinywa chai, friza linanguruma kwa nguvu isiyo na maana yoyote, mpaka kingo zake zikaanza kushika ukungu mweupe. Kabla sijaondoka Rukia aliniambia sentensi moja tu, nitafute mahali niyaseme haya yote, na nisiseme "ugonjwa ule", niutaje kwa jina. Kwa hivyo nayasema hapa. Zena, muuza barafu wa Ziwa la Ng'ombe, aliugua saratani ya titi, na hakuna aliyemwambia. Kipimo chake cha kwanza nilikiharibu mimi, katikati ya barafu zake mwenyewe, nikamdanganya usoni. Na alipokiona kichupa kile, aliniamini.